Chumba cha Darini, Upande wa Mlima

Saiga yangu ilianguka mwezi wa nne mwaka jana, wakati mvua ilikuwa imekataa kuacha. Haikuanguka kwa kishindo vile watu hufikiria. Iliteleza. Udongo wa upande wa chini ulikatika polepole kwa siku tatu, na mimi nikawa natoa vitu vyangu kidogo kidogo: godoro, sanduku la shule, vitabu, redio. Siku ya nne asubuhi tulikuta kuta mbili zimelala juu ya migomba na mabati yamekaa chini kama kofia iliyovuliwa. Hakuna mtu aliumia. Baba alisimama hapo, mikono nyuma, akasema, "Mungu ni mwema," halafu akarudi kuchuna majani chai.

Nieleze kwa mtu asiyetoka kwetu. Huku Kisii mvulana akishatahiriwa halali tena kwa nyumba ya mama yake. Anajengewa kanyumba kake hapo hapo bomani, ndiyo hiyo tunaita saiga. Inaweza kuwa ya udongo, mlango wake ukawa wa bati kuukuu, lakini ni mahali pako. Chakula utakula kwa mama, maji utaoga ya mama, lakini kulala ni kwako. Kijana asiye na saiga ni kama mgeni aliyekawia kuondoka.

Ungesema basi jenga nyingine. Wapi? Shamba letu karibu na Birongo ni kipande chembamba kinachoteremka mpaka kwenye kijito. Juu kabisa ni kaburi la babu na mawe yake. Halafu nyumba ya wazazi, ya matofali. Halafu jiko la nyanya, chumba kimoja, ambapo analala na dada zangu wawili wadogo. Baada ya hapo ni chai tupu, na hiyo chai ndiyo inalipa karo ya hao dada. Pale saiga yangu ilikuwa, ardhi imepasuka, mguu unaingia kwenye ufa mpaka goti. Hakuna mahali pengine. Nilizunguka hilo shamba na kamba mara nyingi nikipima, nikidhani labda nimesahau kona fulani. Sikuwa nimesahau.

Kwa hivyo nilikuwa nalala kwa binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ng'ambo ya kijito. Alinipokea vizuri. Lakini mwezi wa sita akaniambia, huku anafunga kamba za viatu na haniangalii, kwamba mwezi wa nane analeta mke.

"Hongera," nikamwambia.

"Asante. Kwa hivyo wewe..."

"Naelewa."

Mjomba wangu yuko Nairobi, alikuwa ameshasema niende nimsaidie kwenye duka la vifaa. Ningeenda, sawa. Lakini kifua cha baba kilikuwa kimeharibika tangu hiyo mvua. Alikuwa anachuna mistari miwili anasimama, anashika kiuno, anakohoa mpaka macho yanalia. Mimi ndiye nilikuwa nachuna ile ingine yote na kubeba mpaka kituo cha kuuzia majani. Nikiondoka, chai ingekua iwe miti. Na kuna kitu kingine sikumwambia mtu, nikaandika tu kwa daftari langu: mtu akiondoka nyumbani bila kuacha hata mlango wake hapo, atarudi kwa mlango gani?

Hilo wazo la darini lilinijia siku mama alinituma nishushe gunia la mahindi. Nyumba yetu ilijengwa na paa la juu sana, baba wakati huo alikuwa kijana na alitaka nyumba ionekane kutoka barabarani. Kati ya silingi na mabati kuna nafasi ambayo hatujawahi kutumia, isipokuwa mahindi na mbao zilizobaki. Unaingilia kwa kitundu cha sebuleni, na ngazi ya miti. Nilipofika juu nilisogeza gunia kando nikajinyoosha mgongo, na kichwa hakikugonga kitu. Nikatembea hatua moja, ya pili. Nilikuwa nimesimama wima ndani ya nyumba yetu, mahali ambapo hakuna mtu analala. Kwa mwisho wa upande wa bonde, mwanga ulikuwa unaingia kwa nyufa za ukuta. Nikaweka jicho hapo nikaona chai yote, kijito, na barabara ya vumbi inayopanda ng'ambo. Mama alikuwa ananiita, kwamba gunia limenishinda ama ni nini. Nilikuwa nahesabu kenchi, zile mbao zinazobeba paa.

Nilisoma somo la uchoraji shuleni na nilipata alama nzuri, kwa hivyo sikuchora kama mtoto. Nilitumia rula. Nilichora boriti za kubeba sakafu, mbao za kupigiliwa juu yake, dirisha la futi mbili kwa tatu kwenye ukuta wa upande wa bonde, kitanda chini ya dirisha. Ngazi ingepanda kutoka sebuleni. Na sikusahau heshima, hilo nataka lieleweke. Chumba cha wazazi kiko mwisho wa upande wa mlima. Mimi tangu nitahiriwe sijawahi kupita lile pazia la sebuleni kwenda huko ndani, na siwezi. Kwa hivyo nikaweka chumba changu mwisho ule mwingine kabisa, juu ya stoo ya mbolea na majembe. Nilijisifu kwa hiyo akili.

Nilimwonyesha baba siku ya Jumatano, akinywa chai nje. Aliangalia karatasi kwa muda mrefu. Aliweka kidole pale nilipochora kitanda, akakitoa haraka kama amegusa sufuria.

"Huko juu kuna panya," akasema.

"Tutaweka paka, Tata." Huku baba tunamwita Tata.

"Mabati yana joto mchana."

"Mchana nitakuwa kwa chai."

"Na baridi asubuhi."

"Nina blanketi mbili."

"Mvua ikinyesha, mtu akikuita hutasikia."

"Nani ananiita wakati wa mvua?"

Akakohoa. Akamaliza chai yake, akageuza kikombe akamwaga majani chini. "Mbao ni ghali," akasema. Mbao ziko huko juu tayari, nikamwambia, umeziweka mwenyewe. Mama alikuwa anachambua mboga za chinsaga hapo karibu, na alikuwa anachambua jani moja moja kama ni dhahabu.

"Mama, wewe unaonaje?"

"Mimi? Mimi naona ukule kwanza."

"Nimekula."

"Kula tena."

Hakuna aliyesema hapana, na hiyo ndiyo ilinichoma. Kama kuna kosa kwa mchoro, nionyeshe kosa. Mwezi wa nane ulikuwa unakuja na hawa watu wananiambia habari ya panya.

Mimi si mtu wa kungoja, na hiyo ni tabia yangu mbaya, nimeambiwa sana. Ijumaa baba alipobeba majani kwenda kituoni, nilimpigia simu fundi. Ni yule yule aliyejenga nyumba yetu, rika la baba, mzee wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuja na tepu yake shingoni.

"Babako amesema nini?"

"Amesema tuangalie tu."

Huo ulikuwa uongo, na niliutoa bila kupepesa macho.

Alipanda pole pole, mimi nikashika ngazi sebuleni. Nilimsikia akitembea juu, akigonga mbao kwa kidole, akisifu kazi yake mwenyewe. "Hii kenchi niliweka mimi. Angalia, hata mchwa hajagusa!" Akaenda mpaka mwisho wa bonde. Kutoka chini nilimsikia akiuliza ukuta wa chini unakaa wapi hasa, maana boriti lazima ikae juu ya ukuta, isikae juu ya hewa.

"Wacha niinue hii silingi kidogo nione," akasema.

Mama alikuwa jikoni. Nafikiri alisikia hilo neno, kwa sababu alitoka mbio na mwiko mkononi akilia, "Fundi! Fundi, chai iko tayari!" Chai hata haikuwa imewekwa motoni.

Halafu nikasikia ubao wa silingi ukirudishwa, taratibu, na fundi akishuka kwa haraka kuliko alivyopanda. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Boriti itakaa?" nikauliza.

"Hii kazi," akasema, akikunja tepu, "tungoje mzee mwenyewe arudi."

"Lakini itakaa ama haitakaa?"

"Kijana, mimi ni fundi tu." Akamwambia mama chai atakunywa siku nyingine, akaenda. Fundi wa Kisii kukataa chai! Nilibaki nimeshika ngazi ambayo haikuwa na mtu.

Baba alirudi jua likiwa linaelekea kuzama. Sisi ni Waadventista, Ijumaa jioni kazi zote zinawekwa chini. Mama alikuwa ameshapanga vitabu vya nyimbo mezani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tangu saa kumi nikimngoja.

"Fundi alikuja," nikamwambia kabla hajaweka kikapu chini. "Amekimbia. Mumemwambia nini?"

"Fundi gani?"

"Tata, kama hunitaki hapa sema tu. Sema niende Nairobi. Usiniambie habari ya panya."

Mama akasema, "Wewe!" Dada zangu wakaacha kucheka huko ndani. Baba aliweka kikapu chini, akakaa juu ya ngazi ya mlango, akashika kifua bila kukohoa. Nilidhani atanijibu kwa ukali na nilitaka anijibu kwa ukali. Aliniangalia tu. Nimejaribu mara nyingi kuandika ule uso wake na sijaweza. Haukuwa wa mtu aliyekasirika. Alikuwa kama mtu aliyefungwa mdomo na kitu, na anaomba wewe ndiye ukifungue.

"Jua linatua," akasema. "Tufungue Sabato."

Waliimba. Mimi sikuimba.

Jumamosi baada ya kanisa niliingia kwa nyanya. Alikuwa amekaa kwa kigoda chake, viatu vya kanisa ameviweka kando, anajisugua vidole vya miguu. Nyanya huniita bwana yake, na ndivyo nyanya wote huku wanavyofanya na wajukuu wanaume. Na kwa sababu hiyo, anaweza kukuambia kitu chochote. Baba yako hawezi, mama yako hawezi, lakini nyanya hana breki.

"Bwana yangu," akasema, "nasikia unataka kunihama uende kulala mbinguni."

"Magokoro," nikamwambia, ndivyo tunavyoita nyanya, "sitaki mzaha leo."

"Na mimi nitafanya mzaha na nani? Yule mwingine amelala huko juu chini ya mawe, hacheki tena." Alimaanisha babu. "Keti. Nasikia umemtusi baba yako mbele ya kitabu cha nyimbo."

"Sikumtusi. Niliuliza. Hawataki kuniambia kosa ni gani."

Nyanya akaanza kucheka, kicheko cha chini chini cha watu wazee, mabega tu yanaruka.

"Wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Umechora nyumba yote. Haya niambie, chini ya kitanda chako kuna nini?"

"Stoo."

"Stoo! Mbolea iko wapi siku hizi?"

Mbolea ilikuwa jikoni kwa mama, imeegemea ukuta. Nilikuwa naipita kila siku tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nimeona na majembe hapo pia, na sikuwahi kujiuliza.

"Ukuta wa upande wa mlima unalia maji," nyanya akasema, na sasa alikuwa hacheki. "Tangu ile mvua. Godoro lilikuwa linaoza chini. Kifua cha baba yako kikaanza kupiga kelele kama pikipiki mbovu. Mama yako akasema hapana, wakatoa mbolea, wakahamia stoo. Wewe ulikuwa kwa binamu yako. Sasa wewe unakuja na rula yako unataka kulala juu ya baba na mama. Ukigeuka, vumbi liwaingie machoni. Na wao wakigeuka, je? Utaziba masikio na nini, na hizo blanketi mbili?"

Nilitaka sakafu ya nyanya ifanye vile ardhi ya saiga yangu ilifanya.

"Mbona hakuniambia tu?"

"Akuambie aje? Aseme, 'Mwanangu, mimi na mama yako siku hizi tunalala hapa'? Uliona baba gani akisema hivyo kwa mtoto aliyetahiriwa? Ni chinsoni. Hayo maneno hayana njia kutoka kwake kuja kwako. Fundi naye ni rika lake, angekuambia nini? Alitafuta njia zote, maskini. Mpaka panya."

Chinsoni ndiyo hiyo haya na heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto. Tulifundishwa hata kabla ya shule. Mimi nilidhani najua yote: kutoingia pazia, kutoketi juu ya kitanda chao, kutosema maneno fulani mbele yao. Sikuwa nimefikiria kwamba inamfunga baba kuliko inavyonifunga mimi.

"Na sasa," nyanya akaendelea, akivaa viatu vyake, "jana baada ya maombi baba yako alikuja hapa. Amesema wewe ukienda Nairobi hutarudi. Amesema kesho wanarudi huko kwa maji, wewe upate huo upande wako."

"Kwa ule ukuta?"

"Kwa ule ule."

"Magokoro, atakufa."

"Nilimwambia hivyo. Akasema chai bila kijana itakufa mbele yake." Akaninyooshea kidole. "Usiende kupiga kelele huko. Wewe uliyesoma, tumia hiyo kalamu yako."

Jumapili nilivuka kijito mapema. Nilifika nikakuta kitanda cha wazazi kiko nje. Kimefunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani, godoro liko juani kwenye nyasi. Nilikuwa sijaona kitanda chao tangu nikiwa mdogo. Niligeuza uso haraka na kutembea kwa ubavu kama kaa wa kwenye kijito, nikiangalia migomba. Kutoka ndani nilisikia baba akikohoa na mama akimwambia apumzike, ukuta ataupangusa yeye. Alikuwa anaupangusa ule ukuta na kitambaa. Kama mtu anayepangusa mto unaotiririka.

Ningefanya nini? Siwezi kuingia. Siwezi kusema, rudisheni kitanda, kwa sababu kitanda hicho mimi sikijui na sijakiona. Nilizunguka nyumba mara moja, mara ya pili. Nilipofika upande wa mlima nikasimama. Huo upande baba alichimba kilima ili apate mahali pa kujenga, kwa hivyo ardhi huko nyuma iko juu, karibu inafika usawa wa silingi. Ndiyo sababu ukuta unalia, maji ya mlima yanauingia. Lakini unalia sehemu ya chini tu. Nilipanda ukingo nikaegemea, nikaweka kiganja kwenye matofali ya juu, pale pembetatu ya paa inapoanzia. Yalikuwa makavu. Nikaweka kiganja mahali pengine. Kavu. Na kutoka hapo nilipokuwa nimesimama mpaka huo ukuta ilikuwa ni hatua moja. Ubao mmoja tu, na mtu anaingia darini bila kupita kwa sebule ya mtu.

Nilitoa daftari nikachora hapo hapo juu ya goti, safari hii bila rula. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kile cha kwanza. Dirisha la kuangalia bonde halikuwepo tena. Mlango ungetazama mlima, mawe ya kaburi la babu, na mgomba mmoja. Nilitazama huo mchoro na sikuupenda, kusema ukweli. Halafu nikasikia kikohozi tena.

Nilienda mlango wa mbele nikaita kwa sauti, nikiwa mbali, "Hodi! Tata, uko?" Nikangoja mpaka akatoka mwenyewe. Alikuwa na jasho, suruali imelowa magotini. Alijaribu kusimama mahali ambapo ataficha zile mbao zilizoegemezwa nyuma yake, na mimi nikajifanya naangalia karatasi.

"Tata, nilikosea vipimo."

"Vipimo?"

"Upande wa bonde hauwezi. Boriti haitakaa. Chumba kinahamia upande wa mlima, mwisho kabisa. Chini yake pawe tu pa mbolea." Nilisema haraka, bila kuinua macho. "Na ngazi haitapita ndani. Mlango utakuwa nyuma, kutoka kwa ukingo. Mtu atakuwa na mlango wake."

Nilisikia mama akiacha kupangusa.

"Huko juu ni kukavu?" baba akauliza.

"Nimeshika. Ni kukavu."

Alichukua daftari. Alitoa kalamu sikioni mwangu, ambapo nilikuwa nimeisahau, akaketi chini kwenye ngazi ya mlango. Akaangalia mchoro, akauzungusha, akauangalia tena. Baba si mtu wa kuchora. Alishika ile kalamu kama kisu, akapiga mstari mmoja mzito katikati ya dari, kutoka kwenye silingi mpaka juu kabisa kwenye mabati, akaurudia mpaka karatasi ikakaribia kuchanika.

"Hapa weka ukuta."

"Wa mbao?"

"Wa matofali."

"Tata, matofali ni mazito, yatavunja silingi."

Akafikiria. "Basi mbao. Mbili mbili. Katikati ujaze maranda, yabane kabisa." Akanirudishia daftari. "Maranda unapata Daraja Mbili, kwa wale wanaotengeneza viti. Nenda saa hii, kabla hawajayachoma. Chukua magunia mawili."

"Sasa hivi? Naweza kwenda kesho."

"Nenda sasa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliniangalia usoni. "Na usirudi mapema."

Nikachukua magunia nikaenda. Nilipofika kwenye migomba nilisikia nyuma yangu mbao zikiinuliwa kutoka ukutani, na mama akisema, shika huo upande, pole pole. Sikugeuka kuangalia zinapelekwa upande gani.